Tepu Moja, Seva Mbili

Siku hizi nikiwasikia vijana wa ofisini kwetu wakisema faili zao "ziko juu huko", natamani kuwauliza huko juu ni wapi na nani ana ufunguo. Sisi tulijua vitu vyetu viko wapi. Vilikuwa kwenye kaseti, kaseti zilikuwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati niliuvaa shingoni pamoja na wa nyumbani kwangu. Tulijua kila kitu. Ndiyo maana hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Kilikuwa kituo cha redio cha ghorofa mbili. Chumba cha mitambo kilikuwa chini, mwisho wa korido, baada ya stoo ya mafagio, na kilikuwa na baridi kiasi kwamba nyuma ya mlango tulitundika sweta moja la kijivu la kuvaliwa na yeyote anayeingia. Kiyoyozi kilivuja. Chini yake tuliweka ndoo, na sheria ilikuwa kwamba ikijaa itamwagwa na atakayeiona kwanza, kwa hiyo wote tulijifunza kutoiona. Humo ndani mlikuwa na seva mbili. Moja ilikuwa ya ofisi, ina barua, ratiba na taarifa za habari zilizoandikwa. Hiyo ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya sauti, ina vipindi vyote vilivyorekodiwa. Hiyo ilikuwa ya Shemeji.

Namwita Shemeji kwa sababu ndivyo alivyo, mume wa dada yangu. Lakini kituo kizima kilimwita hivyo, hata mkurugenzi, utadhani alikuwa ameoa dada zao wote. Dada yangu naye alikuwa mtangazaji palepale, wa kipindi cha asubuhi. Watu walinisimamisha njiani kuniambia kwamba sauti yake inawaondolea uchovu kabla siku haijaanza. Mimi nilikua naye chumba kimoja. Kwangu ile ilikuwa sauti ya kuniambia nikaoshe vyombo.

Mkurugenzi alituletea mashine moja tu ya kuandikia tepu, tuitumie wote wawili. Nilimwambia fahali wawili hawakai zizi moja. Akanijibu, "Nyie ni ndugu, mtakaa." Shemeji akatafuta waya mnene, akaunganisha seva yangu upande huu, yake upande ule, mashine katikati. Kitabu cha mashine kilionya kwamba seva mbili zisiitumie mashine kwa wakati mmoja. Namna ya kuzizuia hakikusema.

Wiki haikuisha tukawa tumegombana mara mbili. Mara ya tatu dada yangu alitukuta mle ndani tunapigizana kelele, akaingia na karatasi zake za kipindi mkononi. Alikuwa akizibana kwa kibanio chekundu cha nguo ili zisipige kelele mbele ya kipaza sauti. Akakichomoa, akambana nacho mumewe kwenye kola.

"Mwenye kibanio ndiye mwenye tepu," alisema. "Asiye nacho, mikono mfukoni. Na mkigombana tena nawataja hewani asubuhi, kwa majina."

Na kibanio kikafanya kazi, jamani. Ukitaka kufanya nakala ya akiba, unakichukua kwenye waya wa mashine, unajibana. Ukimaliza, unakirudisha. Shemeji alishawahi kwenda nacho harusini, akapigwa picha ya pamoja na maharusi, kibanio kwenye kola kinang'aa. Mimi nikashindwa kufanya kazi mpaka Jumatatu. Nilimsema wiki nzima. Alinijibu kwamba mwenye wivu ajinyonge.

Naikumbuka hata sauti ya ile mashine ilipomeza kaseti: mgongano mdogo, kisha kama kujikohoza, kisha mvumo mwembamba unaoendelea na kuendelea. Kaseti yenyewe ilikuwa na ukubwa wa pakiti ya sigara. Ulikuwa unakaa na sweta lako, unasubiri, na hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini hufanyi kazi, maana kusubiri ndiyo ilikuwa kazi. Napakumbuka mahali pale kuliko nyumba nyingi nilizopanga.

Kisha dada yangu akaota uvimbe kooni. Binti yake alikuwa hajafikisha mwaka. Daktari alimwambia wazi kwamba wakimpasua atapona lakini hataongea tena, na wasipompasua hatamaliza mwaka. Hakusita hata kidogo. Alirudi kutoka hospitali amefunga skafu shingoni, ana daftari dogo mfukoni, na ana makofi ya kuitia watu. Kofi moja, njoo. Mawili, acha. Matatu, leo utaniona. Kalamu yake ilikuwa kali kuliko ulimi wake wa zamani, nami sikudhani hilo linawezekana. Mambo ya redio aliyaacha kabisa, na ukiiwasha mbele yake aliondoka sebuleni.

Miezi miwili baadaye mkurugenzi alidai nafasi kwenye seva ya sauti. Mashindano ya mpira yalikuwa yanaanza na diski imejaa pomoni. Utaratibu wetu ulikuwa huo: rekodi za zamani zinaandikwa kwenye tepu, zikishaandikwa zinafutwa kwenye seva. Shemeji akakusanya rekodi za mkewe, za miaka sita yote, akaamua kuziweka kwenye kaseti moja. Za kabla ya hapo hazikuwepo tena. Enzi za mikanda mikubwa watu walikuwa wakirekodi juu yake. Kwenye karatasi ya kaseti, pale pa kuandika tarehe na namba, aliandika neno moja tu: Yeye.

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Alijibana kibanio, akaanza kuandika saa saba na dakika ishirini mchana, akapanda studio kuendelea na kazi nyingine. Saa tisa hivi seva yangu ikaganda. Makatibu wakaanza kupiga kelele, msomaji wa habari akaja mwenyewe kunililia kwamba taarifa yake imo humo. Nikakimbia chini. Nikaona taa ya mashine ya tepu inapepesa, nikajua Shemeji anaandika. Sikuigusa. Naapa sikuigusa tepu. Nilibonyeza kitufe cha seva yangu tu, nikaizima, nikaiwasha upya, ikaamka nzima, msomaji akapata habari zake. Sheria yetu ilihusu tepu. Haikusema neno juu ya mtu kuwasha seva yake mwenyewe.

Saa kumi na dakika tano Shemeji akamaliza. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni, sweta mwilini, mkono nimeunyoosha.

"Lete kibanio, shemeji."

"Ngoja kwanza niikague. Niisome yote nilinganishe na ya kwenye seva."

"Kuikagua ni saa tatu nyingine! Mimi nakala zangu nafanya saa ngapi? Taa si hiyo, ya kijani? Unakagua nini tena?"

Aliitazama taa. Akanitazama mimi. Kila mtu pale kituoni alijua kwamba nikitaka kitu, njia ya kupata amani ni kunipa. Akajichomoa kibanio, akanibana nacho kwenye mkono wa sweta, akasema, "Mungu amsaidie mumeo." Kesho yake asubuhi akazifuta rekodi kwenye seva ili mpira upate nafasi.

Ikapita miaka minne.

Binti wa dada yangu akaanza shule ya chekechea. Jumatatu moja akarudi nyumbani amenuna, akamuuliza baba yake, "Ni kweli mama ni bubu?" Wenzake walimwambia hivyo. Shemeji akamwambia mama yake alikuwa mtangazaji, nchi nzima ilikuwa ikimsikiliza.

"Alikuwa anaongeaje?"

Sasa mtu anajibuje swali kama hilo? Nyumbani hawakuwa na rekodi. Hata mkanda wa harusi yao ulikuwa umewekewa muziki juu mwanzo mpaka mwisho. Shemeji akaikumbuka kaseti yake, akamwahidi binti yake kwamba Jumamosi atamsikia mama. Mtoto naye si mtu wa kukaa na siri. Kesho yake darasa zima lilikuwa limeshatangaziwa.

Jumanne Shemeji alishuka chini anapiga mluzi, nikampa ufunguo wa kabati, akaitia kaseti kwenye mashine. Mgongano, kikohozi, mvumo. Kisha kwenye skrini: kaseti haitambuliki. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Haitambuliki. Akajaribu kaseti nyingine, ikasomeka vizuri. Mluzi ulikuwa umeshakatika.

"Imeharibika kwa kukaa," nilimwambia. "Baridi hii." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naamini. Lakini alipotoka nikaingiwa na kitu, nikafungua kumbukumbu za seva yake za siku ile aliyoiandika kaseti. Imeanza kuandika saa saba na dakika ishirini, imemaliza saa kumi na dakika tano. Nikafungua za seva yangu. Saa tisa na dakika kumi na mbili: imewashwa upya.

Seva ikiwashwa, kabla ya lolote, inaita vifaa vyote vilivyofungwa kwenye waya wake, kama mwalimu anavyoita majina darasani. Mashine ya tepu ikiitwa, inarudisha kaseti mwanzo ndipo iitike. Ikarudisha. Seva ya Shemeji haikujua; iliendelea kuandika pale ilipofikia, ila sasa kaseti ilikuwa mwanzo. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kazi yake iliandikwa juu ya sehemu ya kwanza, na ilipokwisha ikawekwa alama ya mwisho. Vipindi vilivyokuwa mbele ya alama hiyo vilikuwa bado vimo kwenye utepe, lakini mashine haisomi kupita alama. Kwake kaseti imeishia hapo. Na angeikagua siku ile ile, angegundua ndani ya dakika moja, rekodi zikiwa bado ziko salama kwenye seva. Hakuikagua kwa sababu mimi nilikuwa nimenyoosha mkono mlangoni.

Niliketi kwenye sakafu ya kile chumba nikalia mpaka kamasi. Kisha nikapanda studio nikamwambia yote, dakika kwa dakika. Sikutaka aambiwe na mtu mwingine, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniita jina langu. Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina. Akasema, "Naomba uniache kidogo." Afadhali angenitukana.

Jumatano asubuhi nilianza kuandika programu ndogo ya kuisoma ile kaseti vipande vipande, bila kujali haina mwanzo. Ile ya kawaida inataka ikute utambulisho wake pale mbele, isipoukuta inasusa. Yangu ilikuwa haina heshima. Ilikuwa inazoa chochote inachokikuta. Jioni ikazoa kipande cha kwanza. Alhamisi nilikuwa na vipande mia nne visivyo na majina, nikashindwa kujizuia, nikamwita Shemeji. Alikuja. Alivaa vipokea sauti masikioni, mimi nikasimama nyuma yake.

Alisikiliza kipande kimoja. Akafumba macho. Akasikiliza cha pili, cha kumi, cha thelathini, na mimi simuulizi kitu, kwa mara ya kwanza maishani.

"Ni yeye," alisema mwishowe. "Lakini siyo vipindi. Haya ni mabaki."

"Mabaki gani?"

"Nilikuwa namhariri kila siku. Akikosea, nakata. Akikohoa, nakata. Sasa vile vipande nikawa sivitupi, naviweka kwenye folda yake. Sijui kwa nini. Siku ile niliviandika mwisho, baada ya vipindi vyote."

"Na vipindi?"

Jibu la hilo nilikuwa nalo mimi. Ijumaa mchana programu yangu ilifika kwenye alama ya mwisho, na mashine ikagoma kama punda. Niliizima, nikaiwasha, nikaibembeleza, nikaitukana. Miaka sita ya salamu za asubuhi, mahojiano, hadithi za watoto za Jumapili, yote ambayo haikuandikwa juu ilikuwa mbele ya alama ile, kwenye utepe niliokuwa nimeushika mkononi, na hakuna hata neno moja lililotoka. Tulichookoa ni makosa yake.

"Inatosha, shemeji," akaniambia, akanibandua mikono kwenye mashine. Nilipoitwa shemeji tena nikalia upya.

Jioni ileile nilikwenda kwa dada yangu. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikamweleza kila kitu nimesimama, kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwambia kwamba kazi yake yote nimeipoteza mimi kwa haraka zangu, na kwamba kuna methali kuhusu haraka na baraka ambayo asiiandike tafadhali, naijua. Alifuta mikono, akatoa daftari, akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani ndio mwisho wa undugu wetu. Akanigeuzia.

"Wewe ulizaliwa kabla mkunga hajafika. Nilikuwa na miaka saba, mimi ndiye niliyekupokea. Kaa chini tuchambue mchele."

Nikakaa. Tukachambua. Baada ya muda akaandika tena, safari hii bila kunitazama: "Nilikuwa naogopa Jumamosi. Ile sauti ya redio niliivaa kama nguo ya kazi. Sikutaka mwanangu aipende, halafu anitazame mimi." Nikaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa sebuleni kwao. Shemeji aliweka kompyuta juu ya stuli, spika mbili pembeni. Binti alivaa gauni lake la sikukuu, akakaa chini kabisa mbele, miguu ameikunja. Dada yangu alikaa karibu na dirisha, mikono kifuani, skafu shingoni, uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Shemeji hakuwa amekata wala kupanga chochote. "Nimemkata vya kutosha," aliniambia. Akabonyeza.

Kwanza kikohozi. Kisha ile sauti, ambayo nilikuwa nimeisahau bila kujua kwamba nimeisahau.

"Habari za asubu... ah. Ngoja. Nani kanywa maji yangu? Nimeacha glasi imejaa hapa. Mume wangu, ni wewe?"

Binti akamgeukia baba yake. Shemeji akainamisha kichwa kama mwizi.

"Habari za asubuhi msikilizaji, leo ni Jumatano... si Jumatano? Alhamisi? Sasa mbona mmeniacha niseme Jumatano!" Kikafuata kicheko chake, kile cha nyumbani, cha kuanzia puani. Sikukumbuka kama redioni kiliwahi kusikika, na hakika hakikuwahi, kwa sababu kila mara alikuwepo mtu wa kukikata. Vikaja vingine na vingine. Alimsema mumewe kwa kugonga meza. Alimsema mpiga simu aliyekuwa ameshakata. Alianza jina la waziri mara tano, akashindwa mara tano, akaomba apewe waziri mwingine. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nikamtazama dada yangu dirishani, nikaona mabega yanamtikisika, mikono imeshaanguka mapajani. Naye alikuwa anacheka, bila sauti, mdomo wazi.

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa anasikiliza kwa uso mzima, kama anayejaribu kukumbuka kitu.

Kipande kingine kikaanza kwa kimya kirefu, karatasi zikichakacha. Halafu sauti ya dada yangu ikatoka kwenye spika, kubwa, karibu, imekasirika kidogo tu:

"We! Funga mlango huo, nasikia kelele za watu mpaka huku."

Binti akainuka. Hakumtazama baba yake wala mimi. Akaenda mpaka kwenye mlango wa sebuleni, ambao kweli tulikuwa tumeuacha wazi, akausukuma kwa mikono miwili mpaka ukajifunga. Akarudi, akaipita kompyuta kama vile haipo, akaenda kusimama dirishani mbele ya mama yake.

"Nimefunga, mama," alisema.

Midomo ya dada yangu ikasema asante.

"Karibu," mtoto akajibu, akampandia mapajani.